"Which" kwa nesi? Kwani nesi sio mtu? Naombeni ufafanuzi

mtafsiri_mchanga:

Wakuu habari zenu, kuna kitu kinaninyima raha wiki nzima sasa naomba mnisaidie. Niko najifunza kutafsiri Kiswahili kwenda Kiingereza na kuna mtu ananipitishia kazi zangu kabla hazijaenda kwa mteja. Juzi nilikuwa na barua ya msichana anaomba nafasi ya kusomea unesi, ameeleza kwamba dada yake ni nesi na yeye anataka kuwa hivyo hivyo, mimi nikaandika "My sister is a nurse, who I also want to be". Ikarudi na mstari mwekundu juu ya who, pembeni imeandikwa which, basi, hakuna maelezo mengine.

Sasa mimi tangu niko shule nimekariri who ni ya watu, which ni ya vitu na wanyama, na ukimwandikia mtu which unakatwa alama hapo hapo. Nesi ni mtu jamani. Kusema ukweli iliniuma, sio kukosolewa maana hiyo nishazoea, ila niliona kama tunamshusha yule dada, mtu anakesha na wagonjwa halafu kwenye sentensi tunampa neno la meza na viti.

Nikaanza kuchimba ndo nikazidi kuchanganyikiwa, nimekuta sentensi kama "They called him a coward, which he was not" na nyingine "She is not the singer that she was". Zote ni za watu na hakuna who hata moja. Ni kanuni gani hii na mbona sikuwahi kufundishwa?

bi_sarufi:

Ndugu mtafsiri, aliyekupitishia kazi yuko sahihi na dada wa watu hajashushwa hata kidogo, ntakueleza taratibu maana nimefundisha Kiingereza miaka mingi na hili kosa nalijua linakotoka.

Linatoka kwenye Kiswahili chetu. Mtoto mdogo tunamuuliza "ukikua unataka kuwa nani?" na anajibu daktari, rubani, mwalimu. Sisi neno letu ni NANI. Mwingereza hamuulizi mtoto who, anamuuliza "What do you want to be when you grow up?". Akisema "Who do you want to be?" maana yake inabadilika, ni kama unamuuliza anataka kuwa mtu gani hasa, labda kwenye mchezo wa kuigiza, atajibu kwa kutaja jina la mtu. Kwa hiyo nani yetu moja inabeba mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga, mtu mwenyewe kama mtu, na ile nafasi aliyonayo, kazi, cheo, tabia, hadhi. Who inashika mtu. Ile nafasi inashikwa na what kwenye swali, na which au that kwenye sentensi kama yako.

Sasa rudi kwenye sentensi yako. Uliposema "a nurse, who I also want to be" umesema huyo msichana anataka kuwa yule nesi, yule yule mwenye jina lake na sura yake. Hilo sio alilotaka. Anataka kuwa nesi. Kinachorudiwa na which pale ni unesi, na unesi kweli sio mtu.

Na usidhani Kiswahili hakina hii kitu, kinayo ila hatuioni kwa sababu tumeizoea. Jaribu kusema kwa sauti "dada yangu ni nesi, ambaye na mimi nataka kuwa". Inagoma mdomoni. Mswahili anasema "dada yangu ni nesi, kitu ambacho na mimi nataka kuwa". Umesikia hiyo KI? Hujamwita dada yako kitu, na hakuna atakayekulaumu, kila anayesikia anajua ambacho inarudi kwenye unesi. Which ya Kiingereza ndo hiyo hiyo ambacho.

mtafsiri_mchanga:

Bi sarufi nimekaa kimya kama dakika tano baada ya kusoma hiyo ya "unataka kuwa nani". Kumbe mimi nilikuwa natafsiri nani kwenda who bila kujijua. Asante sana.

Ila bado hiyo ya "the singer that she was", mbona pale sio which?

kalamu_mbili:

Hiyo ni koma inaamua. Tazama, "They called him a coward, which he was not", kuna koma, ile ya nyuma ni nyongeza tu, na baada ya koma ya namna hiyo that haikai, kwa hiyo inabaki which. Lakini "She is not the singer that she was" haina koma, hapo that ndo inapendeza, au unaiacha kabisa unasema "the singer she was". Which pale sio kosa kubwa ila inasikika kavu, watu hawasemi hivyo. Who ndo haingii.

Mimi nilichokuja kuongeza ni kwamba kwenye Kiswahili ukiacha ambacho kuna VYO pia, na kwangu mimi hiyo ndo ndugu wa karibu zaidi. "Mimi sio kama nilivyokuwa", "mchukue alivyo", "ndivyo alivyo huyo". Hapo hatusemi ndiye, tunasema ndivyo. Ukisema "ndiye" unamnyooshea mtu kidole, ni huyu, sio yule. Ukisema "ndivyo alivyo" unaongelea hali yake na tabia yake, yaani namna yake ya kuwa. Kiingereza kina mpaka huo huo, ila kinatumia who upande mmoja na what, that, which upande mwingine.

Waliotafsiri Biblia zamani walilijua hili vizuri. Paulo kwa Wakorintho, sura ya 15, ile ya 1611 ya Kiingereza inasema "by the grace of God I am what I am", sio who I am. Na ya Kiswahili inasema "kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo". What imekutana na vyo moja kwa moja. Mimi napenda sana kuangalia sehemu kama hizo kwa sababu unaona lugha mbili zisizo na undugu zimefika mahali pamoja kila moja kwa njia yake.

Na kwa mtafsiri aliyeumia kuona which kwa mtu, hebu kumbuka Biblia hiyo hiyo ya 1611 Baba Yetu inaanza "Our Father which art in heaven". Enzi zile which ilitumika kwa watu bila shida na hata kwa Mungu mwenyewe, mgawanyo mkali wa who kwa watu na which kwa vitu umekuja kukaza baadaye. Kwa hiyo which haijazaliwa kuwa neno la kudharau.

swali_moja_tu:

Naheshimu maelezo ila mimi nasikia wazungu wenyewe wakisema "I'm not the person who I was ten years ago" na pia "this is who I am", "be who you are", kila siku. Hizo zinavunja hiyo kanuni au? Maana kama who ni ya mtu mwenyewe na sio hali yake, basi "the person who I was" ingepaswa kuwa kosa.

bi_sarufi:

Swali zuri na nafurahi umeliuliza. Angalia neno lililotangulia. Kwenye mifano yetu ya mwanzo nomino ilikuwa ya nafasi, nurse, coward, singer. Kwenye yako ni person, na person haitaji kazi wala tabia yoyote, ni mtu tu, kwa hiyo inavuta who kuelekea kwake. Utaisikia, ndiyo, hasa kwenye mazungumzo. Ila ukichukua maandishi utakuta walio wengi wanaandika "the person I was" au "the person that I was", na mimi mwanafunzi wangu nitamwambia aandike hivyo, hakuna atakayemsahihisha.

"This is who I am" ni jambo jingine kidogo. Hapo mtu anaongelea nafsi yake, ule upekee wake unaomfanya awe yeye na asiwe mwingine. Linganisha "I am a driver, that's what I am" na "I am honest, that's who I am". Ya kwanza inataja kundi analoingia, madereva wako wengi. Ya pili anasema uaminifu umeingia ndani kabisa mpaka umekuwa yeye. Ndo maana anayetetea utambulisho wake anasema "who I am" na anakasirika ukimwita what. Kumuuliza mtu usoni "What are you?" ni ukali, kazi ya mtu ulizia kwa "What do you do?".

Kwa hiyo hapo kwenye who/what ya kujitegemea msemaji ana uhuru wa kuchagua na uchaguzi wake unasema kitu. Lakini baada ya koma, nesi wa mtafsiri hana uhuru huo, ni which tu.

kalamu_mbili:

Hapo naungana na bi sarufi, na ukitaka kuona tofauti ndani ya sentensi moja chukua hizi. "My mother was a teacher, who everyone respected" na "My mother was a teacher, which everyone respected". Ya kwanza walimheshimu mama. Ya pili waliheshimu ile hali ya yeye kuwa mwalimu, japo inasikika nusu nusu kidogo. Neno limebadilika moja tu na heshima imehama kutoka kwa mtu kwenda kwenye kazi yake.

nahodha_wa_koma:

Wakuu mnaongea vizuri ila mmeruka mtego mwingine wa which. Which baada ya koma inaweza kurudi kwenye sentensi nzima pia. "He told everyone he was a doctor, which was a lie", hapo which sio udaktari, ni lile jambo zima la yeye kuwa daktari. Sasa weka "He told everyone he was a doctor, which he wasn't", hapa ndo ile ya nafasi. Ukichanganya hizi mbili kwenye tafsiri utatoka nje. Namna mimi ninavyojua, naangalia kama which imekaa pale ambapo baada ya be pangekaa jina la kazi. "He wasn't a doctor", a doctor imekaa baada ya wasn't, which imechukua kiti chake. Kwenye "which was a lie" imekaa mwanzo kama mtendaji, kiti kingine kabisa.

Alafu kwa kuwa tunaongelea watu na kazi zao, koma yenyewe inabadilisha idadi ya ndugu zako. "My brother who is a doctor lives with us" bila koma maana yake una kaka zaidi ya mmoja na unamtenga yule daktari. "My brother, who is a doctor, lives with us" una kaka mmoja, au tunajua tayari unamwongelea nani, na udaktari ni taarifa ya ziada. Kiswahili kile ambacho tungesema kwa YULE, "kaka yangu yule daktari", wao wanakisema kwa kuondoa koma. Nimeshaona maelezo ya mtu mwenye mume mmoja yameandikwa "my husband who is an engineer" bila koma, msomaji makini anabaki anahesabu waume. Sio jambo dogo, kwenye barua rasmi linaweza kuleta maswali.

mtafsiri_mchanga:

Hii ya koma sikuwa naijua kabisa, nilikuwa naweka koma pale ninapovuta pumzi.

Sasa wakuu kwa kuwa mpo naomba niweke nyingine zinazonisumbua kwenye kazi hii hii. Kuna sehemu Kiswahili imeandikwa "aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali alinipa barua", nimeandika "the one who was the director of the hospital gave me a letter". Na sehemu nyingine kuna "mimi niliye mtoto wa mwisho", nimeandika "I who is the last born". Ya kwanza inasikika nzito hata kwangu, ya pili sijui.

kalamu_mbili:

Aliyekuwa! Hiyo ni tamu. Sisi O-rejeshi yetu, yaani ile YE ya aliyekuwa inayofanya kazi ya who, inaingia ndani ya kitenzi inakaa kimya, kwa hiyo "aliyekuwa mkurugenzi" kwetu ni kama cheo kimoja, hata kwenye habari wanasoma "aliyekuwa waziri" bila kutaja mtu kwanza. Ukiivunja kwa Kiingereza ikawa "the one who was" unampa msomaji mzigo ambao mwandishi hakuubeba. Andika "the former director of the hospital gave me a letter", imeisha.

Ila subiri, usikimbilie former kila mahali. Aliyekuwa ina maana mbili. Kama alishaacha cheo kabla ya kukupa barua, former ni sawa. Kama alikuwa mkurugenzi siku hiyo anakupa barua na baadaye ndo akaondoka, basi ni "the then director" au taja jina lake kisha "who was the director at the time" kati ya koma. Kiswahili hapo hakikuambii, lazima umuulize mwenye barua. Mimi ningemuuliza, kwa sababu barua ya mkurugenzi aliye kazini na ya aliyestaafu hazina uzito sawa mbele ya watu wanaopokea maombi.

bi_sarufi:

Na hiyo ya pili, "I who is" badilisha iwe "I, who am the last born". Kwenye Kiingereza rasmi kitenzi kinachofuata who kinamtazama aliyetangulia, I who am, you who are, she who is. Mswahili hapaswi kupata shida hapa maana sisi tunafanya hivyo hivyo na tena kwa wazi zaidi, mimi niliye, wewe uliye, yeye aliye, mwanzo wa neno unabadilika na mtu. Tunasali "Baba yetu uliye mbinguni", ni U kwa sababu tunaongea naye, na Kiingereza cha zamani kinasema art kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye mazungumzo ya kawaida utasikia "it's me who is to blame", ni sawa kwa kuongea, kwa barua ya maombi hapana.

Ila kwa ushauri wangu hata hiyo "I, who am the last born" ni ya kijukwaani mno kwa msichana anayeomba shule. Weka "As the last born in my family" uendelee na sentensi. As ni njia nyingine nzuri ya kusema nafasi ya mtu bila kishazi chochote.

mgeni_wa_lugha:

Samahani naingilia, naona mnaongelea barua ya unesi na kuna kitu hakijaguswa. Kwenye maandishi ya afya kishazi rejeshi au kundi la maneno baada ya nomino linabeba heshima. "A diabetic" na "a person who has diabetes" sio kitu kimoja. Ya kwanza ugonjwa umekuwa jina la mtu. Ya pili mtu ametangulia, ugonjwa umefuata nyuma kama jambo moja kati ya mengi aliyonayo. Ndo maana mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 unasema "persons with disabilities", na sisi tunasema "watu wenye ulemavu" badala ya walemavu. Mwenye yetu inafanya kazi nzuri sana hapo. Kwa hiyo mtafsiri angalia kama kuna sehemu msichana anataja wagonjwa, usije ukamwekea "diabetics" mdomoni.

swali_moja_tu:

Hapo nina neno. Sio wote wanataka hivyo. Wako viziwi wengi wanaojiita Deaf kwa herufi kubwa kwa sababu kwao ni jamii yenye lugha yake, wakiambiwa "person who has deafness" wanaona umefanya uziwi kuwa ugonjwa wa kubebwa mkononi. Na watu wengi wenye usonji nao wanapenda "autistic person", wanasema hauwezi kuutenga na mimi. Inarudi kwenye ile ya bi sarufi ya who I am.

mgeni_wa_lugha:

Ni kweli na nakubali, nilikuwa nimesema kwa jumla mno. Basi ukijua mwenyewe anajiitaje fuata hivyo, usipojua anza na "person who" au "person with".

mtafsiri_mchanga:

Nimekagua, kuna sentensi moja aliandika "nilimhudumia bibi mgonjwa wa kisukari", nilikuwa nimeweka "my diabetic grandmother". Nimebadilisha ikawa "my grandmother, who has diabetes", na koma nimeweka kwa sababu nimemuuliza, bibi anayemwongelea ni huyo mmoja tu. Na mkurugenzi pia nimeuliza, alikuwa bado kazini siku anatoa barua, kwa hiyo former nimeiacha nimeweka "who was the director at the time".

Mwanzo wa barua sasa unasomeka "My sister is a nurse, which I also want to be". Nimeisoma mara nyingi na haiumi tena. Ila swali la mwisho kabisa naomba mnivumilie, msichana anasema anataka kuwa nesi kama dada yake, yaani wa aina ile ile, mwenye moyo ule ule, sio nesi tu. Which inabeba hiyo?

bi_sarufi:

Haibebi. Which inabeba unesi peke yake, moyo wa dada inauacha. Mwandikie "My sister is a nurse, and I want to be the kind of nurse that she is". Ni that, au uiache kabisa, "the kind of nurse she is". Na ukirudisha kwa Kiswahili utaona imekuwa "nataka kuwa nesi kama alivyo yeye", vyo ya kalamu mbili hiyo hapo.